Sura ya Sita: Taa Iliyowaka Kila Baada ya Pigano

Taa iliwaka tena. Ile ndogo ya rangi ya chungwa, yenye mchoro wa moteri, ile injini ya gari, ilijitokeza kwenye dashibodi ya pikapu ya kituo cha afya. Generose, aliyekaa kwenye kiti cha dereva, aliitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyekatazwa neno, naye akalirudia lile lile mbele ya wageni.

"Zima, uwashe," alisema Evariste fundi.

Akazima, akawasha. Ikawaka.

Garaji ya Evariste ilikuwa mtaa wa Kavimvira, chini ya mabati yaliyotobolewa na risasi za mwaka mwingine. Alichomeka skana yake chini ya usukani, akasoma, akapumua kwa pua.

"Jibu iko lile lile, mama opeji. Ni kapteri. Kale kadude kanaambia moteri inazunguka namna gani. Kakinyamaza, moteri inakuwa sawa kipofu: inatembea polepole, inaogopa kuanguka."

Uvira nzima ilimwita hivyo, mama opeji, maana Generose ndiye aliyekuwa opeji, mwanamke wa upelelezi katika polisi ya mji. Kesi aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa taa hii. Juma lililopita, askari waliokuwa wakipigana milimani juu ya Makobola walimshusha sajini wao, Révérien, risasi ikiwa imempita pajani, wakampakia kwenye pikapu hii apelekwe hospitali ya Uvira. Kwenye mwinuko wa barabara ya ziwani taa iliwaka, moteri ikakataa nguvu, gari likatambaa hata wauza samaki waendao kwa miguu wakalipita. Révérien alimwaga damu yake yote njiani.

Dereva, Havyarimana, alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, msemaji wa Kirundi, na katika miezi ile ya vita jambo hilo peke yake lilitosha watu kumtazama mara mbili. Askari walisema ameliharibu gari makusudi. Generose ndiye aliyemfunga pingu, na mwenyewe alijisemea kwamba anamwokoa na marungu. Lakini alimpitisha soko la Mulongwe miguu mitupu, na mama mmoja muuza muhogo alipouliza huyu ni nani, Generose, akijua askari wako nyuma yake wanasikiliza, alijibu kwa sauti ya kufika mbali: "Ni muuaji."

Neno hilo lilifika haraka nyumbani kwa Havyarimana. Jioni ile ile mke wake alinyimwa nafasi ya kuchota maji bombani.

Na sasa Meja wa kambi alikuwa amesema: hadi Ijumaa, jua la utosi, opeji amwambie nani aliharibu gari na kwa nini. Akishindwa, dereva anapandishwa kambini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa hiyo maana yake nini. Wake za waliopandishwa kambini walikuwa wanajua.

* * *

Alianza na mafuta, kwani ndiko kila mtu alikoonyesha kidole. Pikapu ilikunywa mazuti, yaani dizeli, ya Niyonsaba, mama aliyeuza kwa chupa na madumu kando ya barabara. Sokoni ilisemwa kwamba anachanganya na maji.

Niyonsaba hakuinuka kwenye kigoda chake. Alimwambia Generose kwamba alikuwa akimngoja, kwamba polisi siku hizi wanafuata harufu kuliko mbwa, na kwamba kama mazuti yake yana maji basi yeye ni muuza samaki.

"Nipe chupa moja nyeupe," alisema Generose.

"Utakunywa?"

Waliokuwa karibu walicheka. Generose aliijaza chupa kutoka kwenye dumu ambalo kituo cha afya huuziwa, akaiweka juani juu ya jiwe, akakaa. Maji na mazuti havilali kitanda kimoja: maji hushuka chini, mtu huona mpaka wao kama uzi. Wakati wakingoja, Niyonsaba aliendelea kumchokoza. Alitaja magari ya watu wakubwa yanayokunywa kwake usiku ili yasionekane, akataja hata pikipiki ya polisi.

"Hata ile yako, mama opeji. Imeshakohoa?"

Haikuwa imekohoa. Generose aliinua chupa, akaigeuza machoni mwa jua. Hakukuwa na uzi. Alimwomba radhi, na Niyonsaba akasema radhi aipeleke sokoni, huko ndiko jina lake lilikochafuliwa. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, bila mzaha sasa, kwamba kule sokoni kuna mwingine aliyechafuliwa zaidi yake.

Generose alimrudishia chupa yake. Alirudi garajini.

* * *

Alimkuta Evariste akila mihogo. Alimuuliza taa ile iliwaka lini na lini tangu pikapu ianze kuletwa kwake. Evariste hakuwa mtu wa kuandika, alikumbuka kwa mambo yaliyotokea. Mara ya kwanza ni baada ya pigano lile watu wa Bijombo waliposhuka na ng'ombe wao hadi barabarani. Halafu ni baada ya Jumapili ya Matawi, bunduki ziliposikika mpaka kanisani. Halafu baada ya vijana wa msituni kufukuzwa juu ya Makobola. Halafu hii ya sajini.

Alipomaliza, aliacha kutafuna. Wote wawili walikuwa wamesikia kitu kimoja.

"Kila baada ya pigano," alisema Generose.

"Njo vile, ndivyo Meja anasema," alijibu Evariste polepole. "Vita ikianza, gari inagonjwa. Ili isibebe askari."

Maelezo hayo yalikaa vizuri, na ndiyo sababu hayakumpendeza Generose. Mtu anayetaka kuliharibu gari ili lisibebe majeruhi huliharibu kabla ya pigano. Hili liliugua baadaye. Kuna kitu gari lilifanyiwa, mapigano yakiisha.

"Kila mara ulifanya nini?"

"Nilifuta kosa na mashine. Taa ikazima."

"Kapteri yenyewe ulifungua?"

Evariste alitazama mihogo yake. "Taa ikizima, mwenye gari anafurahi, mama."

Mama mwenye kusoma haya, ukivunja kipimajoto homa ya mtoto haishuki. Taa ilikuwa ikisema kweli kila mara, na kila mara waliiziba mdomo, hadi mtu akafa.

Generose alivua saa, akakunja mikono ya shati, akainua kapo, kile kifuniko cha moteri. Evariste alimwonyesha mahali, huku chini penye kubana, naye akaingiza mkono mpaka kwenye bega. Kichwa cha waya kilitoka kwa shida. Alikigonga juu ya karatasi nyeupe, na kikamwaga unga.

Vumbi la barabara ya Fizi ni jekundu. Maji ya ziwa yakikauka huacha weupe, kila mwenye sufuria Uvira anaujua. Unga huu ulikuwa wa kahawia, laini, na ndani yake kulikuwa na chembe zinazometameta. Alizijua tangu utoto, kwa kufua nguo na mama yake: ni matope ya vijito vinavyoshuka kutoka mlimani. Na viguu vya shaba mle ndani vilikuwa vimeota kutu ya kijani, si kutu ya maji ya mara moja.

"Nani anaosha moteri kwa maji ya kijito?" alisema.

"Hakuna," alisema Evariste. "Shofere anayejua kuendesha gari hawezi. Inakuwa ya moto, unamwaga maji ya baridi, unaiua."

Walisafisha, wakakausha, wakarudisha. Taa ilizimika, na safari hii hawakutumia skana.

* * *

Kasho, mahabusu ya polisi, ilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta. Havyarimana aliletwa kwenye meza. Alikuwa bado miguu mitupu, viatu vyake vilipotea siku ile ya soko.

"Gari unaioshea wapi?"

"Pahali penye maji, mama."

"Nimetoa matope ndani ya waya. Matope ya mlima. Wapi?"

"Kwa kijito, ukitoka Makobola."

"Unafungua kapo?"

Havyarimana alikwaruza meza kwa ukucha.

"Umeendesha tangu zamani, Havyarimana. Unajua maji inafanyia moteri nini."

"Najua."

"Na bado unamwaga."

"Namwaga, mama."

"Kwa nini?"

Alikaa akitazama vidole vya miguu yake. Kisha akasema, polepole, kama anayemweleza mtu mgeni jambo la nyumbani: "Jembe ikichimba kaburi, unanawishaka mpini tu?"

Generose aliweka kalamu chini.

Hakuna mtu wa bonde wala wa mlima ambaye angeuliza maana. Kilichogusa maiti huoshwa kabla hakijaingia uani: mikono, majembe, machela, mpini na chuma chake. Jembe lisilooshwa halirudi shambani, wanasema litaita kaburi lingine. Na kwa Havyarimana, kilichombeba marehemu hakikuwa lile karai la nyuma la kubebea mizigo tu. Kilichombeba ni moteri iliyovuta. Kwa hiyo alifungua kapo, akaichotea maji kijitoni hadi ikaacha kutoa moshi.

"Ulibeba nani?"

"Wafu."

"Wafu wa nani?"

"Wa mama zao."

"Havyarimana."

"Banashushwa na mabega mpaka kwa njia, mama. Wa huku, wa kule. Wangine wanasema ni waasi, wangine wanasema ni mashujaa. Minye mwenyewe naona mutoto wa muntu ameanza kuoza. Nafunika na turubai, nafikisha kwao."

Alisema kwamba asubuhi ile alikuwa amemfikisha mmoja, akaosha. Askari walimleta Révérien moteri ingali inachuruzika. Aliona taa. Siku nyingine ilikuwa inawaka kisha inazimika yenyewe, akadhani itazimika.

"Ungemwambia Meja hivi, asingekutaka kambini."

"Angeuliza nyumba gani. Nikitaja moja, kesho inachomwa." Akaegemea meza. "Na kingine, mama. Ile neno ulisema kwa soko, hukusema bongo, hukudanganya. Sajini alikuwa ananiita papa, sawa baba yake. Anasema, papa, kanyaga. Nakanyaga, gari haiendi. Ni maji yangu njo ilimuua."

Generose alisimama, akaenda dirishani, akatazama ukuta.

"Meja hatakubali hadithi," alisema bila kugeuka. "Nipe nyumba moja tu. Moja ya kushuhudia."

Alipogeuka, Havyarimana hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa ameinamisha macho kama kijana mbele ya mama mkwe, kwa haya, na haya hiyo haikuwa yake. Alikuwa anamwonea Generose haya.

Ndipo lilipomjia, wala hakuna aliyelisema. Kilio cha Alliance, mtoto wa dada yake Anne. Familia ilitangaza kwamba ni malaria iliyomuua. Pikapu hii hii ilisimama uani kwa Anne, imerudi kutoka kijitoni, kapo juu, maji yakidondoka chini ya matairi, na wanaume waliotoka kuzika walikuwa wakiosha majembe pembeni yake. Generose alipita katikati yao akijishikia kitenge kisilowe. Alikula bugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala za ziwani. Yeye ambaye kwa kazi yake huuliza hata mbuzi amepita wapi, siku ile hakuuliza kitu.

* * *

Anne alikuwa akigeuza muhogo uliotandazwa juani. Hakumkaribisha Generose, wala hakumfukuza.

"Risasi ilimupita wapi, dada?" aliuliza Generose.

Anne aliendelea kugeuza muhogo, kipande kwa kipande, mpaka akafika mwisho wa mkeka.

"Sasa njo unauliza," alisema.

Kisha akamwambia yaliyobaki, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kwamba siku ile alimwekea kiti karibu yake, akingoja aulize, ili naye apate mtu mmoja wa kumlilia kweli badala ya kulilia malaria. Kwamba Generose alikula, akanawa, akasema ana kazi. Kwamba Alliance alikwenda mlimani kwa vijana wa msituni wote wakijua, Generose akiwa wa kwanza, na neno "yuko Kalemie, anatafuta maisha" lilikuwa la Generose mwenyewe, kwa ajili ya heshima ya mkanda wake wa polisi. Familia nzima ililishika kama sala.

Generose alimweleza shida ya Havyarimana. Anne alisikiliza amepiga magoti pale pale.

"Nimebaki na mutoto mumoja, Lionel," alisema mwishowe. "Ukisema, atakuwa mutoto wa nyumba ya waasi. Unajua banafanyaka nini kwa vijana wa nyumba hizo."

"Najua."

"Ule shofere alinifikishia mutoto nikamuona uso. Wangine hawakuona." Akajifuta unga wa muhogo mikononi. "Usimuache wamuue. Lakini usiniombe niseme ndiyo. Hiyo ndiyo utaibeba weye."

* * *

Ijumaa, Generose aliiendesha pikapu mwenyewe hadi uwanja wa kambi, Evariste pembeni, dumu la maji ya kijito miguuni. Havyarimana alikaa nyuma na polisi wawili.

Hakutoa maneno mengi. Alimwomba Meja akae kwenye kiti cha dereva, atazame dashibodi. Hakukuwa na taa. Akamwomba akanyage, moteri ikanguruma vizuri. Akainua kapo, akamwaga maji juu ya moteri ya moto. Mvuke ulipanda, askari wakasogea nyuma. Kwa muda hakikutokea kitu, na askari mmoja akaanza kucheka. Kisha moteri ikakwama, ikalegea, na Meja akainama mbele.

"Imewaka," alisema.

Evariste alichomoa kichwa cha waya, akakipuliza, akakikausha kwa kitambaa, akakirudisha. Moteri ikapata nguvu. Meja alishuka, akalizunguka gari bila haraka.

"Kwa hiyo aliosha. Kwa nini muntu aoshe moteri?"

Generose alimweleza. Hakuna askari aliyecheka sasa, wengi wao walikuwa wamezaliwa kwenye nyumba zenye majembe.

"Wafu wa nani?" aliuliza Meja. "Nipe jina. Bila jina, umenifanyia mchezo wa maji."

Generose aliona Havyarimana akitikisa kichwa kule nyuma, kumkataza.

"Alliance," alisema. "Mtoto wa dada yangu. Alikuwa mlimani, na alikufa mlimani. Nilijua yuko kule nikanyamaza, na walipomleta nilikula kilio chake nikasema ni malaria."

Askari mmoja aliguna, "Hata mama opeji," na mwingine akamtemea mate karibu na kiatu, si juu yake, karibu tu.

Meja aliomba kadi yake ya kazi, akaitia mfukoni. Alisema nyumba ya dada ya Generose haitaguswa na askari wake, lakini kwa askari wa wengine hawezi kuahidi. Dereva akahukumiwe na polisi kwa uzembe, kambi haimtaki. Halafu akamwita Havyarimana karibu.

"Maiti ya Révérien bado inalala kwa hospitali," alisema. "Siko na gari ya kumupeleka kwao Kamanyola. Zote ziko juu kwa mlima. Hii yenu imepona, sivyo? Basi weye utaendesha. Mama yake akuone."

* * *

Barabara ya bonde ilikuwa kavu. Havyarimana aliendesha kwa viatu vya kuazima vilivyomzidi ukubwa, na Generose alikaa pembeni bila mkanda wake wa polisi, huku askari wawili wakiwa wamelishikilia jeneza nyuma. Kwenye kila bariyeri ya askari barabarani Generose alisema wanabeba maiti, wakafunguliwa. Taa haikuwaka, na hakuna aliyeitazama kama wao wawili walivyoitazama.

Mama Révérien alikuwa mwanamke mfupi. Watu wa mtaa waliliteremsha jeneza, vilio vikapanda, na katikati ya vilio yeye alikuja mpaka kwenye mlango wa pikapu kumshukuru dereva, kama inavyompasa mwenye msiba. Alimpa mikono yote miwili. Alisema Mungu amlinde kwa kumrudishia mtoto, kwamba wengine wanazikwa wasikojulikana.

Askari mmoja alifungua mdomo. Generose alimshika mkono, na Havyarimana akashuka.

"Mama," alisema, mikono yake ikiwa bado ndani ya ile ya yule mama. "Minye njo nilimubeba angali hai. Gari ilinishinda njiani, kwa kosa yangu. Si kosa ya muntu mwingine."

Mama Révérien hakuiachia mikono. Alimtazama muda mrefu, kisha akamtazama Generose, kana kwamba anataka kujua kama haya ni kweli. Generose alitikisa kichwa kukubali, akainamisha macho chini, wala hakuweza kuyainua tena.

Nyuma ya nyumba wanaume walikuwa wameanza kuchimba. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu, walisikika wakikata kokoto.

"Hawa vijana wamechoka," alisema yule mama. Aliiachia mikono, akaenda mwenyewe ukutani, akarudi na jembe, akamwekea Havyarimana mbele. "Utachimba weye. Na usitoke mule mpaka nikuambie inatosha."

Havyarimana alivua vile viatu vya kuazima, akachukua jembe, akazunguka nyumba. Generose alibaki kando ya gari akisikiliza pigo la jembe moja kati ya mengine, na jua likashuka juu ya bonde, na yule mama hakusema inatosha.